Barua kwa Mwanangu: Anza Chini ya Mti

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Mama yako hajambo, goti limepungua kumuuma tangu aanze kutembea asubuhi mpaka ziwani na kurudi. Bibi yako analalamika humpigii simu. Mpigie, baba, hata dakika mbili.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa peke yangu chini ya mwembe wetu. Nilitaka kukupigia palepale, nikasita. Haya ninayotaka kukuambia hayafai kusemwa huku mtandao unakatakata, na mengine nisingeweza kuyatamka nikikusikia unapumua upande wa pili. Kwa hiyo nimemwomba mdogo wako daftari. Nikimaliza atazipiga picha kurasa akutumie, na daftari lenyewe utalichukua ukija.

Unasema unataka kuongeza kazi ya miti. Bustani zimeshika, una wateja wa kudumu Isamilo na Capri Point huko Mwanza, una vijana wawili, una mashine ya kukata majani na guta la kubebea taka. Na kila nyumba unayoingia wanakuuliza: "Kijana, na huu mti utatukatia?" Umelazimika kuacha kazi tatu mwezi mmoja, zikachukuliwa na watu wa panga na shoka, na roho imekuuma. Umeona chenso, msumeno wa mashine, iliyokwisha kutumika, kwa fundi mmoja Kirumba, umeanza kuiwekea pesa. Unaniuliza kama nakubariki au nakukataza.

Nakubariki. Nimelisema mwanzoni ili usipitie barua nzima ukilitafuta neno hilo. Ila chenso ya Kirumba iache kwanza, na nitakuambia kwa nini.

Unajua mimi nilipasua mbao miaka kumi na tisa. Ulizaliwa nikiwa kwenye kazi hiyo. Tulikuwa tunachimba shimo, gogo la mvule tunalilaza juu ya magogo mawili yaliyolivuka. Mmoja anasimama juu ya gogo, ndiye anayefuata mstari uliopigwa kwa uzi. Mwingine yuko shimoni, anavuta msumeno kwenda chini, na unga wote wa mbao unamwagikia usoni. Mimi nilikuwa wa juu. Wa chini haoni mstari hata kidogo. Anachokiona ni meno ya msumeno yakishuka, na miguu ya mwenzake. Siku nzima anafanya kazi kwa kumwamini mtu wa juu. Mbao tulizopasua hivyo zilitengeneza mitumbwi mingi ya hapa kisiwani na ng'ambo ya Sengerema, na bado mingine inaelea.

Katika miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mti utaishije nikishaondoka. Kazi yangu ilikuwa kuulaza. Kwa hiyo nilipoanza kuitwa mjini kukata matawi kwenye nyumba za watu, nilikwenda na ujuzi wa kuangusha nikadhani unatosha. Wewe unatoka upande mwingine: unatoka kwenye ukoka na maua, vitu ambavyo ukikosea leo wiki ijayo unapanda vingine. Sisi wawili, kila mmoja kwa njia yake, tuna pengo lilelile. Mti mkubwa unaishi na kosa lako miaka thelathini.

Sasa nikuambie habari ya mwaka 1997.

Ilikuwa mwisho wa mwaka, mvua za El Niño zimeanza, na Mwanza kulikuwa na upepo wa usiku kutoka ziwani uliokuwa ukibeba mabati. Watu wenye miti karibu na nyumba waliingiwa na hofu, kazi zikawa nyingi kuliko mikono. Tukaitwa kwenye nyumba moja ya mlimani yenye mjohoro mkubwa, tawi lake limelala juu ya bati. Tawi lenyewe lilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Mimi nikapanda na msumeno. Mwenzangu, yuleyule wa shimoni, akabaki chini. Nilimwambia asimame karibu na shina, nikiamini tawi litaanguka mbali naye kwa sababu lilikuwa limeelekea mbali.

Nikaanza kukata kutoka juu, kama nilivyozoea kukata gogo lililolala chini. Nilipofika katikati, tawi likalia. Halikuanguka. Lilivunjika kwa uzito wake, likachana ganda na nyama ya mti kwa chini, mpasuko wa urefu wa mkono wangu, likabaki linaning'inia kwenye huo ukanda wa ganda, kisha likajizungusha kurudi shinani kama mlango unaofungwa na upepo. Shinani ndipo nilipokuwa nimemweka mwenzangu. Lilimpiga begani.

Hakufa. Lakini mkono ule haukuinuka tena kupita sikio. Msumeno wa watu wawili hauvutwi kwa mkono mmoja, na kasia vilevile. Akauza sehemu yake ya vifaa, akarudi kisiwani.

Baba, huyo mtu unamfahamu. Ndiye mzee anayeshona nyavu pale mwaloni, anayetuletea sato kila Krismasi, ambaye ulipokuwa mdogo ulikuwa unamuuliza kwa nini anasalimia kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anakujibu kwamba alianguka. Hakuanguka. Bega lile niliharibu mimi, na yeye amenisitiri mbele ya wanangu miaka yote hii. Nimeona uchungu kuliandika hili, lakini siwezi kukutuma juu ya miti huku nikilificha.

Miaka mingi baadaye nilikutana na bwana misitu mmoja kule Rubya, kwenye shamba la miti ya serikali, tukiwa tunapogoa misindano. Nikamsimulia. Hakunilaumu. Alichukua msumeno, akanionyesha kwenye tawi dogo, na sijawahi kukata vingine tangu siku hiyo. Soma pole pole, kisha jaribu kwenye matawi ya kawaida yaliyo karibu na ardhi.

Kata ya kwanza unaipiga kutoka chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, na inaingia robo tu ya unene. Ya pili unaipiga kutoka juu, ukisogea mbele kidogo kuelekea nchani. Tawi litavunjika, lakini mpasuko ukifika kwenye ile kata ya chini unaishia hapo, ganda halina njia ya kuendelea kuchanika. Unabaki na kipande kifupi kisicho na uzito. Hapo ndipo unapokuja na kata ya tatu ya kuondoa kipande hicho. Dakika tano za ziada. Mjohoro ule ungenidai dakika tano.

Ile kata ya tatu ndiyo inayomtofautisha fundi na mkata kuni. Angalia pale tawi linapotoka kwenye shina, utaona uvimbe kidogo, umekunjamana kama kola ya shati. Usiukate ule uvimbe, na usiache kigingi mbele yake. Unakata nje yake tu, ukiinamisha msumeno kufuata ulivyokaa. Vijana wengi wanapenda kukata karibu kabisa, sambamba na shina, paonekane pasafi. Wanakuwa wameondoa sehemu ambayo mti unaitumia kujifunga. Na anayeacha kigingi kirefu anaacha mlango, kinaoza na uozo unaingia ndani taratibu.

Bwana misitu alinieleza habari za mtafiti wa Marekani aliyeitwa Alex Shigo, ambaye alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo kwa urefu ili aone ndani yake kidonda cha zamani kimefanya nini. Alichokiona ni kwamba mti hauponi kama ngozi yako. Ule mbao ulioumia haurudi kuwa mzima. Mti unauzungushia kuta, unaufungia humo, kisha unaota mbao mpya kwa nje. Kila kidonda ulichowahi kuupa mti kiko ndani yake mpaka leo. Nilipolisikia hilo nilifikiria miti yote niliyopitia mjini, na nilinyamaza njia nzima kurudi nyumbani.

Kwa sababu hiyohiyo, ile kupaka oili chafu au rangi kwenye kidonda, tuliyokuwa tunaifanya na kuitoza pesa, haisaidii kitu. Mteja akikuomba umpakie, mweleze. Kata vizuri, acha hewa ifanye kazi yake.

Sasa wateja wako. Watakuambia: "Kata kichwa, mti umekuwa mrefu mno." Hiyo ndiyo kazi utakayoombwa kuliko zote, na ndiyo ningependa uikatae. Ukikata kichwa cha mti mkubwa, unauondolea majani ambayo ndiyo jiko lake. Mti unatoa machipukizi kwa hasira, marefu na ya haraka, na baada ya miaka michache urefu umerudi. Tofauti ni kwamba machipukizi hayo yameshikilia pembeni tu, hayana mshiko wa ndani kama tawi lililokua na shina. Upepo wa ziwa ukija, ndiyo yanayoangukia bati. Mteja amelipa apate hatari mpya. Mwambie utapunguza matawi machache, utaondoa makavu na yanayosuguana, na hutazidi robo ya majani kwa mara moja. Akikataa, akaita mtu wa panga, muache. Baada ya mvua mbili utapita mbele ya geti lake atakuita mwenyewe.

Na wale wa Capri Point wanaotaka waone ziwa. Najua unao. Wanataka miti ya chini kwenye ukingo iondolewe ili ukumbini waone maji. Hapo simama kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mkuyu au mgunga ulio ufukweni si mali ya kukatwa kwa ajili ya kochi la mtu. Mwaka 2020 maji yalipopanda uliona mwenyewe ukingo ulivyomegwa. Palipokuwa na mizizi palistahimili zaidi. Lakini usimwache mteja mikono mitupu. Kaa pale anapokaa yeye, kwenye kiti chake, uangalie. Mara nyingi ukiondoa matawi mawili matatu ya chini, ziwa linaonekana chini ya mti badala ya juu yake, na kivuli kinabaki. Umempa dirisha. Hiyo ni kazi ya mtu wa bustani, na wewe jicho hilo unalo tayari, wakataji hawana.

Jambo la miamba usilidharau. Jiji lenu limekaa juu ya mawe, na mlimani utaona mkuyu umekumbatia jiwe kubwa kuliko nyumba, mizizi imeshuka kwenye nyufa kutafuta udongo. Chini yake kuna nyumba za watu. Mti wa namna hiyo usikubali kuukata kwa maelewano ya mwenye kiwanja peke yake. Hujui nini kinashikilia nini. Nenda serikali ya mtaa, waje wataalamu wa jiji walione jiwe kwanza.

Kabla hujapanda mti wowote, uzunguke. Uzunguke mara mbili, mara ya kwanza ukiangalia chini, mara ya pili ukiangalia juu. Chini unatafuta uyoga kwenye shina, ufa kwenye udongo, mizizi iliyokatwa na fundi wa bomba, na saruji. Siku hizi watu wanamwaga saruji mpaka kwenye ganda la mti ili gari lipate maegesho, halafu wanashangaa mti unakauka kuanzia nchani. Mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, haizidi kama nusu mita kwenda chini, na inatambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Ukiiziba umeuziba mti pua. Mti kama huo hauhitaji msumeno, unahitaji nyundo ya kuvunja saruji, na matandazo. Na matandazo nayo usiyarundike kwenye shina. Yaache yatulie mbali nalo kidogo, shina lipumue.

Gonga shina kwa nyundo ya mbao, usikilize. Pakilia kama ngoma, pana shimo. Kwenye shimo mara nyingi kuna nyuki, na nyuki wetu unawajua. Mparachichi na mgrevilea usiiamini kwa kukanyaga, matawi yake yanakatika bila kutoa taarifa. Mkrismasi unapendeza Desemba ukiwaka wekundu, lakini mizizi yake ni ya juujuu na matawi yanapogawana ni dhaifu. Mwembe una utomvu unaounguza ngozi, na ukiupogoa usubiri mavuno yapite. Na ukiwa unapunguza ua wa minyaa, vaa miwani hata kama ni tawi moja. Maziwa yake yakiingia jichoni unaweza kupoteza jicho. Tawi lenye kiota chenye makinda liache mpaka waruke, hata kama ni wale makorongo wakubwa wanaochafua magari.

Mara ya pili, unapoangalia juu, unatafuta waya.

Hapa nakuomba uniwie radhi kwa kuwa mkali. Tawi lililo karibu na waya wa TANESCO si kazi yako. Si kazi yako hata kama mteja anakuongezea pesa, hata kama ni tawi dogo, hata kama kijana mwingine jana alikata na hakupata kitu. Mti mbichi umejaa maji na unapitisha umeme. Msumeno, ngazi ya bati, kamba iliyolowa, vyote vinapitisha. Na kwenye nyaya kubwa za njiani huhitaji hata kugusa. Kaa mbali mita 3 angalau, na mteja awaite wenyewe TANESCO wakate au wazime kwanza. Nikiota ndoto mbaya juu yako usiku, ni hiyo.

Turudi kwenye chenso. Najua inavyovutia. Mtu akiiwasha mtaani, watoto wanakusanyika. Lakini chenso haikuongezei ujuzi, inakuongezea kasi, na kama hujui unapoelekea kasi itakufikisha pabaya mapema. Sehemu ya juu ya ncha ya lile bapa linalozungusha mnyororo ikigusa kitu kigumu, mashine nzima inaruka kukurudia usoni, haraka kuliko jicho linavyofumba. Kwa hiyo haishikwi kwa mkono mmoja kamwe, haiinuliwi kupita bega, haitumiwi juu ya ngazi. Ile ya kwa fundi, umeniambia mwenyewe haina breki ya mnyororo. Basi hiyo si bei nafuu.

Mwaka wako wa kwanza fanya kwa msumeno wa mkono, ule uliopinda wa kupogolea, unaokata ukivutwa. Unakata tawi nene kama mkono wa mtu bila tabu, na kazi nyingi za ndani ya uzio ni matawi ya namna hiyo. Nunua kamba nzuri, kofia ngumu tatu, miwani, buti. Kofia tatu kwa sababu mko watatu. Siku ya kununua chenso ikifika, nunua siku hiyohiyo na suruali ya kinga. Ndani ina nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa unazivuta, zinajisokota kwenye gia, mnyororo unasimama. Ukiona huwezi kununua vyote viwili, basi muda wa chenso haujafika. Na ujifunze kuinoa na kuichanganyia mafuta. Kwa nyingi za siku hizi ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, lakini soma kitabu cha mashine yako. Mafinga na Moshi kuna vyuo vya misitu na mbao, ulizia mafunzo mafupi. Nitakuchangia nauli. Mama yako amesema atakuchangia chakula.

Matawi mazito hayaangushwi, yanashushwa. Kamba inafungwa kwenye tawi, inapita kwenye panda imara juu, inazungushwa shinani mara mbili tatu, na mtu wa chini anaiachia taratibu. Msuguano wa shina ndio unaobeba uzito, mikono yake inaongoza tu. Huyu mtu wa chini ndiye ninayetaka umfikirie kuliko wote. Asisimame chini ya kazi. Asisimame shinani. Awe pembeni, anakuona, na wewe unamwona, na hakuna kukata mpaka mmeitana na kuitikiana. Vijana wako wawili wana wazazi wao. Waandikishe kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, kabla hujakubali mti wa kwanza. Sisi hatukuwa na kitu cha namna hiyo, na mwenye nyumba yule alitulipa nusu akasema iliyobaki tutapewa tukishaondoa tawi.

Kwenye pesa sina mengi. Usitaje bei kwa simu, nenda ukauone mti. Andika kwenye karatasi matawi yapi yanatoka, kuni ni za nani, nani anabeba takataka, na kigae kikivunjika inakuwaje, kisha msaini wote wawili. Kuni na magogo usiyapakie kwenye guta kwenda kuuza bila kwanza kuuliza TFS, wakala wa misitu wa serikali, kama yanahitaji kibali. Majani na vitawi vidogo vikate vipande uvitumie kama matandazo kwenye bustani zako, utaokoa maji ya kumwagilia kiangazi. Mkopo wa halmashauri upo, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengewa vijana, mkiwa kikundi. Ningependa uuchukue ukiwa na wateja wa miti tayari, usiutumie kuwatafuta.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini jana nilikumbuka Shinyanga. Mama yako ana ndugu kule, na tulipooana nilikwenda nikakuta nchi nyeupe, ng'ombe wanatafuta jani. Miti ilikuwa imefyekwa ili kuwaondoa ndorobo na kulima pamba. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, na sehemu kubwa ya kazi yao ikawa kuwarudisha watu kwenye ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kufunga kipande cha malisho kisiguswe mpaka kiangazi. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti. Nilipopita tena sikuijua njia. Shemeji yangu alinionyesha mgunga uliokuwa umefikia paa, akaniambia: "Huu hakuupanda mtu. Tuliuacha tu." Ninakuandikia hili kwa sababu utapata siku ambazo umepanda juu, umeangalia, na ukaona mti hauhitaji kukatwa kitu. Mwambie mteja hivyo. Mtoze gharama ya kwenda kuuangalia, uondoke.

Jana jioni nilishuka mwaloni. Mzee alikuwa kwenye kivuli cha mtumbwi, uzi wa nyavu ameubana kwa kidole gumba cha mguu, anashona kwa kushoto. Nilikaa. Nikamwambia unataka kazi ya miti, na kwamba nimeamua kukueleza habari ya bega. Alishona macho ya wavu kama matatu hivi bila kusema kitu. Kisha akaniuliza:

"Anataka kuanzia juu au chini?"

Nikamwambia nimekusihi uanzie chini.

"Basi mlete," akasema. "Kazi ya juu utamfundisha wewe. Namna ya kusimama chini nitamfundisha mimi."

Kwa hiyo njoo Ijumaa kwa meli ya mchana, na vijana wako wote wawili ukiweza. Njoo na kamba, msumeno wa mkono na tupa ya kunolea. Mwembe wetu una tawi kavu upande wa jiko, tangu masika sijaruhusu mtu aliguse.

Ni mimi,
Baba yako